Mrejesho: kubadilisha kitako cha Saiga

Wakuu, niliuliza kama hapa Marekani naruhusiwa kuifungia Saiga yangu, bunduki ya michezo iliyoingizwa kutoka Urusi, kitako cha kukunja (sehemu inayoegemea begani) na mshikio wa mtindo wa bastola. Mwanasheria amenijibu: sheria ya shirikisho inaruhusu, ila kati ya vipuri 20 vilivyoorodheshwa kwenye kanuni, vya kutoka nje visizidi 10. Magazini (kisanduku cha risasi) peke yake huhesabiwa vipuri vitatu, kwa hiyo ukichomeka ya Urusi hesabu yote inaweza kuvurugika! Sharti hili ni la raifali za nusu-otomatiki (zinazojipakia risasi zenyewe kila unapofyatua) na shotgun za aina zote. Raifali za komeo la mkono, zile unazopakia kila risasi kwa kuvuta komeo, halizigusi. Majimbo nayo yana sheria zake, tena nyingine kali zaidi. Nimeagiza kitako, mshikio na kifyatulio vilivyotengenezwa Marekani, na sifungui skrubu hata moja mpaka vifike.