Naombeni msaada: tafakuri ya baada ya somo inanitoa jasho, niandike nini?

Mwl_Mtarajiwa: Wakuu habari zenu. Niko mazoezi ya kufundisha, darasa la pili. Mkufunzi anataka kila baada ya somo tujihoji wenyewe kwa maandishi, "somo lilieleweka" hataki kuiona. Nakaa na daftari mpaka usiku hakitoki kitu. Mliopita huko mlikuwa mnaandikaje? Nakabidhi wiki hii.

Mkongwe wa Ubao: Enzi zetu chini ya andalio la somo unajaza "wengi wameelewa" unafunga, ukija mtihani ndo unajua hawakuelewa. Ualimu ni wito vijana, msikimbilie alama.

mama_wawili: Wangu alikuwa ananyoosha mkono kila siku hachaguliwi, siku hizi kaacha kabisa kunyoosha. Mwalimu wake ndo angeandika hiyo tafakuri!

Chaki: Dada, hakitoki kitu au kinatoka unakiogopa? Darasani kulitokea nini?

Mwl_Mtarajiwa: Haya. Mwenzangu alinirekodi nikifundisha kujumlisha. Mle darasani niliona somo limenoga, ila kwenye video nauliza swali, mtoto hata hajafikiri nishamtaja yuleyule wa mbele au nimejibu mwenyewe, wa nyuma siwagusi. Nimeandika tafakuri mbili, ya kweli nabaki nayo, ile safi ndo nakabidhi. Anayesoma ndiye anayenipa maksi, nyie mngejichongea wenyewe?

Firimbi: Chai hii. Asubuhi hakitoki kitu, jioni ana mbili! Huyu anakusanya majibu yetu akayakabidhi kama yake.

Mwl_Mtarajiwa: Kaka sio chai, niliona aibu kuanza na hilo.

Firimbi: Weka basi video tuione.

Chaki: Video ya watoto wa watu haiwekwi humu. Na hata kama katunga, jambo lenyewe lipo madarasani kila siku. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza miaka ya 1970, walimu wengi wakishauliza wanasubiri kama sekunde 1 tu, wakivumilia hata 3 majibu yanakuwa marefu na "sijui" zinapungua. Stephen Brookfield, mwandishi wa vitabu vya ualimu, naye anasema mwalimu ajitazame kwa macho manne: yake mwenyewe, ya wanafunzi, ya wenzake na ya nadharia. Wewe ya kwako yalikwambia somo limenoga, ya mwenzako yakaona wa nyuma. Hapo ndo tafakuri inapoanzia, na hiyo safi haina hata mstari mmoja wa kukusaidia kesho. Kabidhi ya kweli, andika na utakachobadilisha, mkufunzi mwenye akili anatafuta hicho.

Mwl_Mtarajiwa: Na kama wangu sio wa hivyo? Kukabidhi bado sijakubali, maksi zikikatwa nakatwa mimi. Ila kesho nafundisha hesabu za kutoa, hizo sekunde nazijaribu. Wa nyuma wakinyamaza zote tatu nafanyaje?

Mkongwe wa Ubao: Waambie kwanza waelezane wawili wawili, we pita katikati usikilize. Halafu mwite mmoja wa nyuma ambaye umeshamsikia ana jibu.