FTX na michango ya siasa: media za Marekani zilimlea SBF au tunawaonea?

Mla Mihogo:
Wakuu habari za humu. Siasa za Marekani nazifuatilia na sifichi, naegemea upande wa wahafidhina, kwahiyo mtakaonirushia mawe rusheni taratibu. Jana nimerudia ile ishu ya yule dogo Sam Bankman-Fried (SBF) wa FTX, lile soko la kuuza na kununua kripto yaani sarafu za kidijitali, na hasira zimenirudia upya. Kampuni imekwenda mahakamani kutangaza imefilisika 11 Novemba 2022, hela za wateja kama dola bilioni 8 hazionekani, siku tatu mbele New York Times wanatoa stori ndefu humo ndani unaambiwa jamaa anapata usingizi vizuri tu. Usingizi! Tarehe 30 wakamweka kwenye mkutano wao wa DealBook kwa video kutoka Bahamas na mwisho ukumbi ukapiga makofi. Mama Maxine Waters wa Democrats, wakati huo mwenyekiti wa kamati ya fedha bungeni, alimshukuru jamaa kule Twitter kwa kuwa muwazi. Sasa swali, angekuwa ni mfadhili mkubwa wa Trump kafanya hivi, wangemuuliza amelalaje?

Boksi la Dallas:
Mkuu jibu unalo mwenyewe. Uchaguzi wa 2022 huyu alitoa kama dola milioni 40 zinazojulikana, karibu zote kwa Democrats, juu yake alikuwepo bilionea George Soros tu. Uchaguzi wa 2020 alimpa Biden milioni 5 na ushee. Tena hakuishia kwa wanasiasa, aliweka hela Semafor, akatoa msaada ProPublica, hao wote ni vyombo vya habari. Sisemi walinunuliwa ila mtu anayekulisha huwezi kumkazia macho, hiyo hata kijijini kwetu tunaijua. Fortune walimweka kwenye jalada wakauliza kama ndio Warren Buffett mpya, yule mwekezaji tajiri, miezi michache kabla ya kuanguka. Kaptula na fulana, nywele hazijachanwa, kakaa jukwaani Bahamas na Clinton na Tony Blair wamevaa kiheshima, kila mtu anaona ndio ujiniasi huo.

Mama Leja:
Samahani kaka zangu naingia na lugha ya kihasibu. Hela alizopeleka kwa Republican mmeziruka, mwenyewe alisema baada ya kuanguka kwamba aliwapa karibu sawasawa ila kwa mlango wa nyuma, kwa sababu waandishi wangemsema. Na mwenzake Ryan Salame, mmoja wa mabosi wa FTX, ndio alikuwa anamwaga mamilioni kwa Republican waziwazi. Kwahiyo alinunua sufuria pamoja na mfuniko wake.

Kilichoniumiza mimi ni vitabu. Yule John Ray aliyeletwa kusimamia mabaki, huyohuyo aliyesafisha mabaki ya Enron, kampuni ya Marekani iliyoanguka kwa kupika vitabu, aliwaambia wabunge kampuni ya mabilioni ilikuwa inatumia QuickBooks, programu ya hesabu za biashara ndogo. Mimi naandika vitabu vya duka la vipuri Kariakoo na QuickBooks ndio tunatumia!! Na boda akiniletea risiti ya mafuta ya elfu 15 haisomeki namrudisha nayo. Wale mfanyakazi anaomba malipo kwenye chati, bosi anajibu kwa emoji, imeisha hiyo. Alafu mali nyingi za Alameda, kampuni nyingine ya SBF ya kucheza biashara ya kripto, ilikuwa FTT, sarafu waliyoitengeneza FTX wenyewe, ni sawa na mimi nichapishe kuponi za genge langu nikaziweke rehani benki. Waliofichua hilo tarehe 2 Novemba ni CoinDesk, chombo cha watu wa kripto, sio kushoto wala kulia. Na Sequoia, wawekezaji wakubwa wa Marekani, waliweka zaidi ya dola milioni 200 zikayeyuka, jamaa alikuwa anacheza gemu wakati anaongea nao. Hao nao walilewa siasa?

Boksi la Dallas:
Dada nakuheshimu na hapo kwenye kuponi umenimaliza. Lakini tuangalie hukumu. SBF shitaka la michango ya kampeni lilifutwa 2023 kwa sababu Bahamas walisema hawakumkabidhi kwa Marekani kwa kosa hilo, sawa. Salame wa Republican miaka 7 na nusu. Nishad Singh, bosi mwingine wa FTX, yeye hela zilipitia jina lake kwenda kwa Democrats, akakiri kosa lilelile, jela hata siku moja hakulala. Niambie nisione kitu hapo.

Mama Leja:
Singh alipanda kizimbani akamtolea ushahidi bosi wake, Salame hakufanya hivyo. Caroline Ellison aliyeongoza Alameda naye alitoa ushahidi na bado akala miaka 2. Na huyo "mpendwa wa Democrats" alipigwa miaka 25 na kutaifishwa dola bilioni 11, waendesha mashtaka walikuwa wa serikali ya Biden. Kama huko ndiko kulelewa mimi nisilelewe.

Chumvi Kidogo:
Wahafidhina mmesahau TV yenu ya Fox ililipa dola milioni 787.5 kwa Dominion, kampuni ya mashine za kura, kwa kuisingizia kuiba uchaguzi wa 2020? Na Machi 2025 SBF akiwa gerezani nani alimhoji, si Tucker Carlson, mtangazaji wenu wa zamani wa Fox? Ghafla akawa amechoshwa na Democrats 😂

Boksi la Dallas:
Chumvi hiyo ya Dominion sipingi, usiku hewani walikuwa wanasema hili na kwenye meseji zao wenyewe wanaandikiana lile, kulipa ilikuwa halali yao. Kwa Tucker dogo alikuwa anatafuta msamaha wa rais, mfungwa atakusifia hata viatu.

Mla Mihogo:
Shukrani wote. Hukumu nakubali ilikuwa nzito, dada Leja kanikata maini, ila lile la usingizi sitosamehe, mwandishi una mtu kwenye simu kapoteza hela za watu milioni, swali la kwanza ni ziko wapi, la pili ni ziko wapi. Alafu Mama Leja, huyo boda risiti ikiwa haisomeki ndio hela yake imekufa kabisa?

Mama Leja:
Akaombe nyingine sheli, hapo Msimbazi sio mbali.