Hii ngoma ya bendi ya The Police tuipige kwa harusi ama tuwachane nayo?

BintiWaBuru
Wadau habari zenu. Harusi yetu ni Desemba, komiti inakutana kila Jumapili jioni, na mimi na mchumba wangu tulikuwa tumeshakubaliana tukiingia uwanjani kutoka kanisa dijei atupigie Every Breath You Take. Hiyo ngoma nimekua nayo. Babangu alikuwa na kaseti yake, Jumamosi jioni akipaka viatu vya kanisa rangi lazima aiweke, ikiisha anairudisha nyuma na kalamu ndio asimalize betri za redio. Alituacha miaka minne iliyopita kwa hivyo mnaelewa kwa nini naitaka. Sasa juzi kwa mkutano binamu yangu akasema ati si wimbo wa mapenzi, ni wa mtu anamfuatafuata mwenzake, mashangazi wakaanza kunong'onezana na mimi nikakosa la kusema. Ni ukweli? Nani anajua hadithi yake vizuri?

GitaaLaKayole
Pole kwa mzee, dadangu. Binamu yako hajadanganya. Sting, mwimbaji wa The Police, aliuandika 1982 akiwa Jamaika, kwa nyumba inaitwa Goldeneye, ilikuwa ya Ian Fleming yule mtunzi wa James Bond. Wakati huo ndoa yake na Frances Tomelty ilikuwa inavunjika. Aliamka usiku, maneno yamemjia, akakaa kwa piano na kama nusu saa hivi wimbo ukawa umeisha. Yeye mwenyewe amekuwa akieleza kwamba ni wimbo wa wivu, wa mtu anataka kummiliki mwenzake, na anashangaa watu wakimwambia waliupiga siku ya harusi yao. Sikiza pale katikati sauti inapopanda, ndio unagundua huyo mwanamke ashaondoka kitambo, jamaa amebaki usiku anamuota na baridi inamla. Wengi tunaimba mwanzo na hapo hatufiki.

Lakini muziki wenyewe, wacha tu. Waliurekodi kisiwa cha Montserrat wakiwa hawaelewani kabisa, ngoma za Stewart Copeland, mpiga dramu wao, ziliwekwa kwa chumba cha kulia chakula, na yeye na Sting wakawa wanavutana jinsi zitakavyopigwa. Andy Summers, mpiga gitaa wao, ndiye alileta ile gitaa unayoisikia toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi hupiga kwa maharusi na nawaambia hiyo kitu inavuta vidole, kile kidogo kinaenda mbali mpaka kifundo cha mkono kinauma, na ukilegea kidogo tu nota zinakufa. 1983 ilikaa namba moja Marekani wiki 8, na 1984 ikapata Grammy ya wimbo wa mwaka.

MamaWawili
Mimi nitakwambia kama mama. Kuna mtu tuliachana naye, nikahamia fleti ingine na sikumwambia ni wapi. Siku moja saa nne usiku simu ikaingia meseji: "leo umezima taa mapema." Nikachungulia kwa pazia, gari yake iko ng'ambo ya geti, taa zimezimwa. Ilikuwa hivyo miezi mitatu mpaka mlinzi akazoea kunipigia kabla sijafika stejini kunijulisha kama yuko. Tangu nielewe maneno ya huo wimbo nikiusikia kwa matatu nashuka roho. Harusini kutakuwa na wageni wengi na hujui nani amepitia nini. Chagua mwingine mum.

SanturiZaZamani
Nakubaliana na mama hapo juu, pole sana kwa hayo. Lakini msisahau 1997 Puff Daddy na Faith Evans walichukua gitaa hiyo hiyo wakaifanya maombolezo ya marehemu rapa Notorious B.I.G., na hapa mtaani imeliliwa matangani mara ngapi! Kwa hivyo hiyo tuni imeshabeba kilio cha watu wengi na ni kilio ulichokuja nacho hapa, si maneno ya Sting. Mkiingia pigeni kitu kingine. Halafu wakati wa kupeleka keki kwa wazazi, mkifika kwa kiti cha babako, gitaa peke yake ipigwe bila mtu kuimba.

BintiWaBuru
Nimesoma nikalia kidogo. Mama Wawili asante kwa kunieleza, sikuwa nimefikiria hivyo hata siku moja. Nimempigia mchumba wangu saa hii na amekubali, tutaingia na ingine. Hiyo ya kiti cha baba ndio nataka kabisa. Gitaa la Kayole tarehe 12 uko huru? Nimekutumia ujumbe inboksi. Kaseti bado iko kwa mamangu, nitaiweka pale kwa kiti.

GitaaLaKayole
Niko. Nitafika mapema nijaribu spika.