Reli mpya ikifika Kigoma vijana watabaki au ndo wataondoka zaidi?

Mwanga_Kgm:
Wakuu habari zenu. Nafuatilia sana nchi za Asia na hii Laos inaniumiza kichwa. Wamepata treni ya kisasa toka mpaka wa China hadi Vientiane, ilizinduliwa Desemba 2021, Wachina wana asilimia 70 ya kampuni ya reli, halafu mwaka uliofuata tu hela ya Laos ikaporomoka na vijana wakazidi kuvuka kwenda Thailand kutafuta vibarua. Sasa na sisi SGR inatoka Tabora kuja huku, kilomita 506, naitaka sana ila naogopa itawabeba tu wadogo zetu. Mnaonaje?

mzee_wa_Ujiji:
Kijana wangu hofu yako ina msingi. Reli ya Mjerumani ilifika Kigoma 1914, zaidi ya miaka mia, na mpaka leo mawese yanaondoka kwenye madumu sabuni inarudi kwenye katoni. Hiyo ya Laos nayo mizigo mingi inapita tu, mpaka durian za Thailand zinapandia humo kwenda China, mkulima wa Laos anaangalia mabehewa. Na sisi mzigo wa Kongo na Burundi utapita hivohivo tusipokuwa na cha kwetu cha kupakia.

dada_Isevya:
Shikamoo mzee. Mi niko Tabora, naongezea la hao wanaoondoka maana watu wataondoka tu. Nepal hela zinazotumwa na walioko Qatar, Saudia na Malaysia ni kama robo ya uchumi wote, ila wengi wanaanza kazi na deni la wakala shingoni, mshahara wa miezi ya mwanzo wote unaishia huko. Wafilipino walianza kusimamia hili toka 1974 na sasa wana wizara kabisa ya wafanyakazi walioko nje. Mabinti zetu wanaenda Oman mkataba hata hawajausoma!! Hilo linaniuma kuliko reli.

Mwanga_Kgm:
Shikamoo zote kwa mzee hapo juu. Dada umenigusa, binamu yangu yuko Muscat na pasi kashikiliwa na bosi. Mzee, hivi madiwani wetu wameshatenga eneo la viwanda karibu na stesheni mpya? Maana kama halijatengwa mapema viwanja vyote vitakuwa vya gesti na yadi za makontena.

mzee_wa_Ujiji:
Kikao cha baraza ni cha wazi, twende wote tukawaulize.