Wenye kambi za watalii Dodoma, maji mnamfungia nani?

Wakuu salaam. Naomba wenye kambi za watalii Dodoma na njia yote ya Kondoa mpaka Babati wausome uzi huu, na anayewafahamu awafikishie. Mimi ni mpishi wa magari ya safari ndefu, yale malori yaliyofungwa viti nyuma yanayopandisha wageni kutoka Afrika Kusini mpaka Nairobi. Wageni wanalala kwenye mahema, mimi na dereva tunalala hapo hapo, na chakula cha wote napika mimi. Kazi yangu naipenda. Ninachokataa ni kulipishwa kama mgeni halafu kunyimwa maji kama mwizi.

Juzi tumetoka Iringa asubuhi. Pale Mtera, kwa wale akina mama wanaouza samaki karibu na bwawa, nikanunua perege wabichi wa kutosha watu wote kwenye gari, nikawalaza kwenye barafu. Nilipanga tukifika kambini Dodoma niwaparue magamba, niwakaange, watu wale kabla giza halijaingia.

Tumefika, binti wa mapokezi akahesabu vichwa, na vyetu sisi wawili vimo. Kambi nyingi tulizozoea dereva na mpishi hawalipi, maana ndio wanaoleta gari. Hapa tumelipa sawa na mgeni, na bei tumeandikiwa kwa dola. Nikamwambia mdogo wangu, tangu Machi 2025 kuna kanuni inayokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Akasema bosi ndiye kapanga. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine mbovu. Dereva akasema dada tuachane nayo, watu wana njaa. Tukalipa.

Sasa njooni kwenye maji. Nimeshusha meza, nimewasha jiko, samaki nimewamwaga kwenye beseni, naenda koki ya nje na ndoo: imefungwa kwa kufuli. Kufuli kabisa, na mnyororo. Namwita mlinzi, kijana mpole tu, ananiambia, "Samahani dada, koki hii saa kumi na mbili nafunga, ni amri. Maji ya bafuni ni ya wageni, wasichote wapishi." Nikamuonyesha kwamba na mimi nimelipiwa. Kaenda kupiga simu, karudi na ndoo moja ya lita 20. Moja. Ya samaki, ya wali, ya kachumbari, ya vyombo na ya mikono yangu.

Kwa asiyejua jikoni kwetu kulivyo: vyombo vya gari la safari vinaoshwa kwenye mabeseni matatu. La kwanza maji ya moto na sabuni, la pili la dawa ya kuua vijidudu, la tatu la kusuuza. Baada ya hapo hatufuti kwa kitambaa. Wageni walio zamu wanashika sahani na kuzipunga hewani mpaka zikauke, kwa sababu kitambaa kimoja kikipita kwenye sahani za watu ishirini, tumbo la mmoja linakuwa la wote. Mtu yuko safarini wiki sita, kachoka, kila siku maji mapya na vumbi jipya. Akiharisha kati ya Kondoa na Babati anasimamisha gari zima. Hayo mabeseni matatu ndiyo usalama wa watu wangu, na yanataka maji. Kwa ndoo ile nimeparua samaki kwa maji ya kuhesabu vikombe, magamba yamebaki yameganda mpaka kwenye viwiko. Vyombo vimelala vichafu chini ya gari na nzi juu yake mpaka asubuhi. Mimi mpishi, nimelala huku nanuka samaki, kwenye kambi niliyolipiwa.

Na msiniambie Dodoma ni kame. Najua. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka. Najua mji unategemea sana visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, najua tangu serikali ihamie watu wameongezeka na mgao upo. Wenyeji wanavumilia mgao na wanakupa kikombe cha maji ukipita mlangoni kwao. Kama kambi ingesema maji hakuna, ningejaza madumu yangu mjini kabla ya kuingia na mambo yakaisha. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, nimekaa na masufuria yangu makavu, naona kijana anavuta mpira wa maji anamwagilia ukoka mbele ya baa. Akimaliza ukoka anaosha gari la bosi, matairi yote manne, povu linatiririka mpaka kwenye mahema yetu. Koki ni ile ile! Mnyororo umetundikwa pembeni.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Nimemfuata mwenye kambi mwenyewe, baba mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa heshima. Jibu lake: "Wageni wako wamelalamika?" Nikamwambia mimi ndiye ninayelalamika. Akasema wapishi wanamwaga maji ovyo, ndiyo maana kaweka kufuli. Akaingia ndani.

Mzee, ninajua unaweza ukasoma hapa. Mgeni wako anakula kwa mikono yangu. Ukininyima maji mimi umemnyima yeye, tofauti ni kwamba yeye atajua tumbo likishauma, na lawama zitakuja kwa mpishi, wewe umeshachukua dola zako.

Choo nacho. Mimi ni mwanamke, na kwenye kazi hii tuko wachache. Nimeelekezwa "choo cha wafanyakazi" nyuma ya stoo. Hakuna taa, mlango hauna komeo, nimeushikilia kwa mkono mmoja na tochi ya simu mdomoni. Vyoo vya wageni viko hatua chache tu, vina taa, viko wazi. Vitu vya namna hii ndivyo vinavyofanya mabinti wanaosomea upishi wa utalii wakimbilie hotelini na kuacha barabara kwa wanaume.

Banda la jikoni lipo kwenye picha wanazotangaza. Ukifika limejaa kreti za bia na mifuko ya saruji. Kwa hiyo unapika nje, na anayejua upepo wa Dodoma wa kiangazi anaelewa: moto wa gesi unalala, vumbi linaingia kwenye wali, unazungushia viti na maturubai na bado. Muziki wa baa umezimwa saa nane usiku, dereva wangu anatakiwa barabarani alfajiri. Dereva huyo amebeba roho za watu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba njia hii ni mali. Zamani Dodoma mpaka Babati ilikuwa vumbi na mashimo, magari mengi ya watalii yalipanga kuikwepa. Lami imekamilika, kilomita 251, ikazinduliwa 2018, na upande wa Iringa nako ni lami tupu. Ukipita huku unaanza na Mtera, mibuyu, mashamba ya zabibu, halafu michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wageni wangu wakifika Kolo wanapanda ule mlima wanarudi wameduwaa. Mimi ndiye niliyemsihi bosi wetu tupitie kati badala ya kuzungukia Morogoro, kwa sababu mama wa Mtera auze samaki, wauza mboga wa Soko la Majengo wauze, vijana wanaoongoza wageni Kondoa nao wapate. Sasa bosi kasoma ripoti ya dereva na anauliza kuna haja gani ya kurudi huku. Kufuli la mtu mmoja linawakosesha watu wote hao.

Ninachotaka kiko wazi. Koki ya jikoni iwe wazi mpaka vyombo viishe kuoshwa, hata kama ni kwa kipimo. Niambie una lita ngapi kwa gari, nitapanga. Ukinihesabu kichwa, nioge na nitumie choo cha waliolipa. Stoo ihame bandani. Maafisa utalii wa mkoa nao wakikagua kambi waende na giza, wavute ule mlango wa nyuma ya stoo.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "tajeni jina la kambi", silitaji, kwa sababu mlinzi na binti wa mapokezi ndio watakaofukuzwa kwanza. Na wewe unayesema tununue maji ya chupa: za kupikia na kuosha vyombo vya watu zaidi ya ishirini? Umewahi kuosha sufuria la ugali kwa maji ya chupa?

Kuna dada wa Kondoa kaniandikia pembeni kwamba ana eneo lenye kisima, miti na ukuta, anauliza gari linahitaji nini. Dada, nimekujibu. Koki, taa ya chooni, komeo, banda la kukinga upepo. Wengine wenye sehemu kama hiyo kati ya Dodoma na Babati andikeni hapa hapa, gari linapita tena mwezi wa nane na bosi anataka majina kabla ya ijumaa.