Menifoldi gani kwa Nova yenye injini 350? Mjomba analeta moja tu

MwanaLikoni:

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina Chevrolet Nova ya 1972, usukani kushoto, ya marehemu baba. Alipofariki ilikaa chini ya mwembe nyumbani Likoni miaka kumi na moja, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Sasa inatembea. Injini ni ile 350 ya inchi za ujazo, yaani lita 5.7, na hedi (vifuniko vya juu ya silinda) ni zake za zamani za chuma. Juu yake bado pana menifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa na petroli kutoka kwenye kabureta) ya kiwandani ya chuma cha kusubu, na kabureta ya midomo miwili.

Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, nimeshabadilisha. Upande wa kuvuta hewa hufungua valvu kwa digrii 224 za mzunguko, kwa kipimo cha inchi 0.050. Silensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa) sasa inatetema kidogo, na mama asema sauti hiyo inamkumbusha mzee. Gia ni otomatiki ya kasi tatu, difu bado ile ya 3.08, yaani propela huzunguka mara 3.08 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Matumizi ni haya: asubuhi mbili tatu kwa wiki naivusha feri kwenda kazini Shimanzi, Jumamosi naingia Nyali, na mara mbili kwa mwaka nataka niipandishe bara kwenye mbio za robo maili.

Mjomba wangu anarudi kutoka Marekani Desemba. Kasema begi lake lina nafasi ya menifoldi moja, nisimletee habari za mbili. Fundi mmoja wa hapa mjini kanambia nichukue Victor Jr., "ile ya mbio yenyewe". Rafiki yangu asema Performer RPM. Mimi nimebaki kama abiria wa feri iliyozima injini katikati ya kivuko. Nichukue ipi?

Mzee wa Plagi:

Waalaikum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu mzee.

Kabla ya jina la menifoldi, hebu jiulize: kwa wiki nzima, injini yako inazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika kwa muda gani? Usinijibu. Mimi nakaa Kisauni, foleni ya daraja la Nyali naijua kuliko ninavyowajua wajukuu wangu.

Menifoldi hizi ni za namna mbili. Kuna ile naiita ya ghorofa mbili. Chini ya kabureta pana ukuta unaogawa njia za juu na za chini, na kila ghorofa inalisha silinda nne. Chevrolet inawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Ghorofa moja inachukua 1, 4, 6 na 7, nyingine inachukua 2, 3, 5 na 8. Ukifuata mpangilio huo kwa kidole utaona zinapokezana, huku mara moja kule mara moja, hakuna silinda inayomnyang'anya mwenzake hewa. Njia zenyewe ni ndefu na zimepinda, kwa hivyo hata injini ikizunguka polepole hewa inakwenda mbio na petroli haitulii chini.

Ya pili ni ya chumba kimoja. Silinda zote nane zinachota kwenye chumba kimoja kikubwa, njia ni fupi na zimenyooka. Huko juu inapumua vizuri sana, siwezi kuisingizia. Lakini huku chini hewa inatembea kivivu, petroli inaanguka kama umande, na gari linakohoa.

Watengenezaji wenyewe, Edelbrock, wanaandika mizunguko kwa dakika ambayo kila moja inafaa. Performer ya kawaida ni kutoka silensi hadi 5,500. Performer RPM ni 1,500 hadi 6,500. Victor Jr. ni 3,500 hadi 8,000. Sasa chukua difu yako ya 3.08 na magurudumu ya kimo cha inchi 26 hivi. Ukiwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Mariakani, injini iko kama 2,500. Yaani Victor Jr. haijaamka bado, na wewe umeshafika Voi.

Haya siyasomi kitabuni. Niliwahi kuwa na pikapu yenye 350 kama yako, nikafunga menifoldi ya chumba kimoja kwa sababu niliiona kwenye gari la mbio nikaitamani. Siku ya kwanza nashuka feri upande wa kisiwani, ile rampu unayoijua, mbele yangu lori la saruji, nyuma yangu umma mzima wa Likoni. Lori likasimama, nikasimama. Likaondoka, nikakanyaga. Ikavuta pumzi, ikazima. Nikaiwasha, ikazima. Vijana wa mkokoteni wakanisukuma hadi juu wakiimba. Mmoja akaniuliza, "Ami, hino nd'o ya mashindano?" Niliuza menifoldi ile mwezi huohuo.

Kwa hivyo ni ghorofa mbili, Performer RPM. Na kama mjomba ataipata, achukue ile ya Air-Gap. Menifoldi ya kiwandani ina njia inayopitisha moshi wa eksozi chini ya kabureta ili kuipasha moto. Wameiweka kwa sababu kwao kuna barafu. Hapa Mombasa ni kuweka jiko chini ya sufuria ya petroli. Naamini umeshaona: unazima kwenye foleni ya feri, baada ya dakika kumi ukiwasha inakataa na boneti inanuka petroli. Imechemka ndani ya kabureta. Air-Gap haina njia hiyo ya moshi, na njia zake za hewa zimeinuliwa, hewa inapita kati yake na sehemu ya chini inayomwagikiwa na oili ya moto. Kwa joto letu hilo si urembo.

Robo Maili:

Mzee heshima yako, lakini usiichafue sana ya chumba kimoja. Mimi ninayo na sijuti. Difu yangu ni 4.10, konveta (kile kinachounganisha injini na gia ya otomatiki) inashika kwenye mizunguko 3,500, kamshafti ni kubwa kuliko yake. Gari likiachiwa pale kwenye mstari halijui 2,000 ni nini. Mambo yote yameelekea upande mmoja. Na niseme ukweli, hufika uwanjani juu ya lori. Feri sijawahi kuivuka nalo.

MwanaLikoni, ukitaka Victor Jr. jiandae kununua difu, konveta na pengine kamshafti nyingine. Ukiifunga ukabaki na 3.08, gari lenye Performer RPM litakushinda hata hapo robo maili, kwa sababu utapoteza mwanzoni kile ambacho mwisho hauwezi kukulipa.

Jambo ambalo watu wa pwani wanasahau ni kabureta. Hapo kwenu mko usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukija na jeti (vitobo vya kabureta vinavyopima petroli) za Mombasa, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi, plagi zinakuwa nyeusi, na unaanza kumlaumu aliyekuuzia menifoldi. Kanuni ya watu wa Holley, watengenezaji wa kabureta, ni kushuka namba moja ya jeti kwa kila futi 2,000 hivi, basi ukija huku shuka mbili au tatu. Beba jeti zako kwenye kopo la filimu. Ukirudi, zirudishe zile kubwa kabla hujakanyaga sana, maana kukosa petroli huko chini kwenye hewa nzito ndiko kunakotoboa pistoni. Nguvu nayo utapungukiwa kama asilimia 15 ukiwa huku. Usishtuke, sote tunapungukiwa.

Na tafadhali, robo maili ni uwanjani. Nimesikia kuna vijana wanapimana Dongo Kundu usiku. Ile ni barabara ya watu.

MwanaLikoni:

Shukrani sana. Mzee, lile la kuzima kwenye foleni na kunuka petroli umenifumbua macho, nilidhani ni fiuli pampu. Nimeshanunua pampu mbili!

Maswali mawili. Kabureta ya midomo minne nichukue ukubwa gani, 600 au 750? Na boneti yangu ni ya kawaida, bapa. RPM ni ndefu kuliko ya kiwandani. Itafunga? Boneti ya baba sitoboi.

Mzee wa Plagi:

Boneti ya baba usitoboe, nakubali.

Nunua udongo wa watoto wa kuchezea, ule wa rangi. Uweke vilima vinne juu ya kifuniko cha filta ya hewa, shusha boneti taratibu bila kuifunga kwa nguvu, inua, pima kilima kilichobaki. Hapo utajua una nafasi kiasi gani sasa. Kisha mwambie mjomba apime urefu wa menifoldi mpya mbele na nyuma kabla hajalipa, utoe ule wa zamani, na usisahau kabureta ya midomo minne nayo ina kimo chake. Acha sentimita mbili za ziada, kwa sababu injini hujiinua kwenye mpira wake ukikanyaga. Ikikosa, kuna filta fupi, na kuna kitako cha filta kilichozama. Boneti ni jambo la mwisho.

Ukubwa wa kabureta ni hesabu ya darasa la saba. Inchi za ujazo 350 mara mizunguko 6,000, gawa kwa 3,456. Utapata futi za ujazo 607 kwa dakika, hiyo ni kama injini inajaa asilimia mia. Ya kwako pengine inajaa 85, basi ni kama 516. 600 inakutosha na kubakia, yenye midomo ya nyuma inayofunguliwa na mvuto wa hewa, si kwa waya. 750 ni tumbo kubwa kuliko njaa.

Bi Lathe:

Nafanya kazi ya kuchonga vyuma. Vyenu navipokea vikishavunjika, kwa hivyo niongeze ya kwangu mapema.

Hedi zako ni za zamani, bolti za menifoldi ni kumi na mbili. Mjomba asiuziwe ile ya hedi za Vortec za kuanzia 1996, hizo zina bolti nane na mpangilio mwingine kabisa. Hedi za 1987 kwenda mbele nazo bolti zake za katikati zimelala kwa pembe tofauti. Amwambie muuzaji mwaka wa hedi, si mwaka wa gari. Wewe mwenyewe chungulia namba ya hedi chini ya kifuniko cha valvu. Gari la mwaka 1972 kuwa na hedi za mwaka huo ni dua tu, huwezi jua mzee alibadilisha nini.

Kufunga: vile vipande vya gasketi vya koki (ile ya vizibo vya chupa) vya mbele na nyuma vitupe, weka silikoni unene wa kidole kidogo cha mtoto. Bolti uanze katikati ukitoka nje, kwa awamu tatu, mwisho ni kama Nm 34. Alumini haipendi ubabe. Mtu akikaza kwa mkono na bomba la kurefushia spana, ananiletea mimi nyuzi zilizong'oka.

Na maji! Nimepokea menifoldi za alumini zilizoliwa pale kwenye thamostati kama biskuti iliyochovywa chai. Nikiuliza unatia maji gani, jibu ni moja: ya kisima. Maji ya visima vyetu vya kisiwani yana chumvi. Weka kuleanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, au angalau ya mvua, na rejeta uisafishe kwanza kwa sababu miaka kumi na moja chini ya mwembe haikupita bure.

MwanaLikoni:

Bi Lathe, nimechungulia. Namba za hedi ni za kabla ya 1987, alhamdulillahi. Kisima tunacho uani na ndicho nilichokuwa nikitia. Leo jioni namwaga.

Udongo umebaki milimita 58 pale juu ya filta. Mjomba amepima dukani, menifoldi na kabureta kwa pamoja zinanipandisha milimita 31. Performer RPM Air-Gap imelipiwa, ina uzito wa kilo saba hivi, wakati hii ya chuma ninayoivua siwezi kuinyanyua kwa mkono mmoja. Difu nitaitafutia 3.55 baadaye, si sasa.

Mjomba anauliza jambo moja: zile gasketi azitie wapi kwenye begi zisikunjike?

Mzee wa Plagi:

Katikati ya kanzu mbili zilizopigwa pasi. Na menifoldi aizibe matundu kwa gazeti, asije akaileta na soksi ndani tukaifunga hivyohivyo. Imeshanitokea.