Eta ya Ukabu haibadiliki? Napima kila Jumamosi, naambulia 3.9 tu

Vumbi_la_Dodoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za humu.

Mimi ni mtunza ghala hapa Dodoma. Nina Canon 1100D ya mtumba, lenzi ya 50mm na stendi ya kawaida. Darubini sina, wala mota ya kufuata anga. Nilisoma kwamba Eta Aquilae, ile nyota ya kundi la Ukabu iliyo kusini ya Altair, hupanda na kushuka kati ya magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) 3.5 na 4.4, na kwamba hata mtu mwenye kamera tupu anaweza kuifuatilia. Nikasema hii ndiyo saizi yangu.

Jumapili sina kazi, kwa hiyo Jumamosi usiku natoka na pikipiki upande wa Veyula, kwenye giza. Saa tatu kamili napiga picha kadhaa za RAW, sekunde 5, ISO 400, lenzi nimeiharibu fokasi kidogo ili nyota isikae kwenye pikseli moja mbili tu. Nyumbani nafungua Siril, programu ya kuchakata picha za anga, nachukua rangi ya kijani peke yake, nalinganisha na Beta ya Ukabu ambayo vitabu vinaipa 3.71. Delta naiweka ya kukagulia, na inatoka 3.36 au jirani yake kila mara.

Haya ndiyo niliyovuna, Jumamosi kwa Jumamosi: 3.98, 3.93, 3.92, 3.87.

Sasa hiyo si nyota badilifu, hiyo ni nyota mvivu. Maswali yangu:

Kwanza, kamera yangu haioni mabadiliko, au mimi napima nyota siyo?

Pili, nilijaribu kupata rangi yake kwa kutoa kijani kutoka bluu. Beta yenyewe inanipa 0.41 na vitabu vinasema B−V yake, yaani namba ya rangi ya wanaanga, ni 0.86. Naifanyaje?

Tatu, kuna jamaa anauza gretingi ya kufunga mbele ya sensa, ile inayotawanya mwanga wa nyota kuwa upinde wa rangi. Nikinunua, nitaweza kupima kasi ya nyota, yaani inatujia au inatukimbia?

---

FundiPicha_Tanga

Marahaba mwanangu. Nyota ni yenyewe, kamera ni nzima, na Delta inakushuhudia. Kinachokuponza ni Jumamosi.

Eta inamaliza mzunguko wake kwa siku 7.1766. Wiki ni siku 7. Ukienda kila Jumamosi saa ile ile unaikuta karibu pale pale ulipoiacha wiki iliyopita, pungufu ya saa nne na robo hivi. Zitazame tena namba zako: 3.98, 3.93, 3.92, 3.87. Magnitudo ikipungua nyota imeng'aa zaidi, sivyo? Wewe uliikuta kwenye mteremko, na kila wiki unarudi nyuma hatua moja kuupanda. Unausoma mchoro kinyumenyume, na kwa mwendo huo utahitaji zaidi ya wiki arobaini kuumaliza. Januari Ukabu wenyewe unapotelea kwenye jua. Hutafika.

Mimi kinachonifurahisha ni kwamba umeweza kuuona mteremko huo. Tofauti ya 0.01 hadi 0.05 kwa wiki, kwa lenzi ya 50mm, bila mota! Nilikuwa na studio ya picha tangu enzi za filamu, mita ya mwanga ikining'inia shingoni mchana kutwa, na hatukuwahi kuamini kipimo kidogo namna hiyo. Tofauti ya robo stopu tulikuwa tunaiita bahati.

Dawa yake: piga Jumanne. Piga na Alhamisi. Huna haja ya kwenda Veyula, hata uani mjini panatosha, maana Eta ni nyota ya macho matupu, na Beta na Delta zimo kwenye picha moja nayo. Taa za mji zinazichafua zote kwa pamoja, na kwenye ulinganisho sehemu kubwa ya uchafu huo inajifuta. Moshi wa vichaka vinavyochomwa miezi hii vilevile, ilimradi umetanda sawasawa. Wingu jembamba ndilo adui, kwa sababu linaweza kumfunika mmoja likamwacha jirani. Kwa hiyo Delta ikikataa kutoa 3.36, funga virago ulale. Sisi wa pwani tuna adui wa pili, umande kwenye lenzi, ila huko kwenu sidhani.

Mambo mawili ya kuangalia. Sensa yako ni ya biti 14, kwa hiyo pikseli haiwezi kupita 16383. Ikikaribia huko nyota imeshajaa na namba yake ni uongo. Altair itajaa muda wote, iache. Halafu saa: andika kwa UT, saa ya pamoja ya dunia. Saa tatu usiku ya kwetu ni 18:00 UT. Nimeona watu wakiandika 3:00 wakijielewa wenyewe, na baadaye mchoro wao una vidoa vinavyoelea hewani.

Ukipata siku tofauti za wiki utaona nyota inapanda haraka na kushuka polepole, na katikati ya kushuka ina nundu, kama inasita. Nundu hiyo ni yake kweli, usiifute ukidhani ni makosa.

Na usijidharau kwa kukosa darubini. Aliyegundua kwamba Eta inabadilika ni Edward Pigott wa York, Uingereza, tarehe 10 Septemba 1784, kwa njia hii hii ya kulinganisha na majirani. Rafiki yake na jirani yake John Goodricke, kijana kiziwi, akaipata Delta Cephei (badilifu ya kundi jingine, siyo Delta yako) mwezi uliofuata. Goodricke alifariki 1786 akiwa na miaka 21. Kamera hawakuwa nayo hao. Walikuwa na macho, majirani wa nyota na daftari.

Rangi sasa. Kijani cha Canon kinaikaribia V ya wanaanga, lakini bluu yake siyo B yao. Vichujio vya B na V viliwekwa na Johnson na Morgan mwaka 1953, B ikiwa karibu na nanomita 440 na V karibu na 550, na Canon hawakuwa na habari nazo walipotengeneza kamera ya kupigia harusi. Usiitupe 0.41 yako, itafutie tafsiri. Kwenye picha ile ile unazo Theta yenye B−V ya −0.07, Delta 0.32, Beta 0.86, na Gamma iliyo karibu na Altair, 1.52 (Gamma ni angavu, hakikisha haijajaa). Pima bluu toa kijani kwa zote. Chora: namba ya kamera chini, namba ya kitabu pembeni. Vidoa vitajipanga karibu na mstari. Huo mstari ni kamusi ya kamera yako, na Eta utaisoma humo. Utaikuta ikicheza kati ya 0.6 na 1 hivi: ikiwa angavu inaelekea bluu kwa sababu ina joto zaidi, ikififia inaelekea wekundu. Bluu na kijani vitoke usiku mmoja na picha zile zile, la sivyo unalinganisha nyota ya jana na ya leo.

Kuhusu kasi nawaachia wenye mistari yao. Yule binti wa Nairobi yuko wapi?

---

Mistari_ya_Fraunhofer

Niko hapa mzee wangu.

Vumbi, hiyo gretingi inunue, lakini usinunue kwa ajili ya kasi. Itakuonyesha mistari ya haidrojeni, ile myeusi inayokata upinde wa rangi, kwenye Altair na Vega na mikanda mipana ya titani oksidi kwenye Antares, na hilo peke yake linalipa bei. Kasi haitaiona, na sababu ni hesabu tu: nyota ikitujia au ikitukimbia mistari yake husogea, na kasi husomwa kwenye msogeo huo.

Uso wa Eta huja na kurudi kwa kilomita 20 hivi kwa sekunde kila upande wa wastani wake. Mstari mwekundu wa haidrojeni uko nanomita 656.28. Gawanya 20 kwa kasi ya mwanga, 299,792, zidisha kwa 656.28: mstari unasogea nanomita 0.044. Gretingi za aina hiyo hutenganisha nanomita 6 hivi. Unatafuta kitu kidogo kuliko unachoweza kuona, kwa zaidi ya mara mia moja.

Wanaopima kweli wanatumia spektrografu (chombo cha kutawanya na kupima mwanga) yenye mwanya mwembamba, na kabla na baada ya nyota wanapiga mwanga wa taa ya neoni au ya thori na argoni, ambayo mistari yake inajulikana iko wapi hasa. Ni mambo yale yale ya Beta na Delta, isipokuwa hapa jirani wa kulinganishia yuko ndani ya chombo. Kisha wanaondoa mwendo wa Dunia. Sisi tunalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, na kwa upande wa anga iliko Eta hadi 28 ya hizo inaingia kwenye kipimo. Yaani mwendo wetu ni mkubwa kuliko wa uso wa nyota. Ukisahau kuutoa utakuwa umepima safari yako mwenyewe.

---

Mpinzani_Mkuu

Nauliza kwa nia njema. Mnasema uso unakuja na kurudi. Nani kauona? Mbona isiwe nyota mbili zinazozungukana, na kasi ni ya mzunguko?

---

Mistari_ya_Fraunhofer

Swali zuri, na wakubwa walidhani hivyo hivyo kwa miaka ishirini. Mwanaanga Belopolsky, akiwa kituo cha Pulkovo nchini Urusi, aliona kasi ya Delta Cephei ikibadilika mwaka 1894, kisha akaona hivyo kwa Eta. Wengi wakasema ni nyota mbili. Mwaka 1914 mwanaanga Harlow Shapley akauliza: huo mzunguko una ukubwa gani?

Tufanye wenyewe. Siku 7.1766 ni sekunde 620,000. Kwa kilomita 20 kwa sekunde, zidisha, gawa kwa 2π: nusu kipenyo cha mzunguko kama kilomita milioni 2. Nyota yenyewe ina nusu kipenyo cha mara 50 hivi ya jua au zaidi, kilomita milioni 35. Hiyo nyota ya pili ingekuwa inazunguka tumboni mwa ya kwanza.

(Kuna kichekesho hapa: Eta kweli ina mwenzake, nyota moto ya bluu. Ila siye anayeleta huu mchezo wa siku saba.)

Kinachobaki ni kwamba nyota inavimba na kunywea. Na hapa ndipo vipimo vyote vitatu, mwangaza, rangi na kasi, vinapokutana. Ukijumlisha kasi kwa muda unapata uso umesafiri kilomita ngapi. Kwa Eta ni kama milioni 4, kisha unazidisha kwa 1.3 hivi, kwa sababu sehemu za pembeni za nyota hazitujii moja kwa moja na hupunguza kasi tunayoipima. Inakuwa milioni 5. Hiyo ni tofauti ya nusu kipenyo kati ya kuvimba na kunywea, kwa kilomita halisi. Mwangaza peke yake hausemi ukubwa, maana nyota inaweza kung'aa kwa kuwa kubwa au kwa kuwa moto. Rangi ndiyo inayoamua: inakupa joto, joto linakupa kila kipande cha uso kinatoa mwanga kiasi gani, na mwangaza uliobaki bila maelezo ni ukubwa. Kutoka hapo unapata uwiano, kwamba ilipovimba ilikuwa kubwa mara ngapi kuliko iliponywea. Uwiano unao, tofauti kwa kilomita unayo: ukubwa wenyewe unatoka kwa hesabu ya sekondari, na umbali unaufuata. Mwanaanga Baade aliipendekeza njia hii mwaka 1926, mwenzake Wesselink akaikamilisha 1946.

Na mimi naona kasi ndiyo mfalme hapo. Bila kasi huna kilomita hata moja, una uwiano tu.

---

FundiPicha_Tanga

Mfalme ni rangi, binti, lakini tutaugombania ufalme huu siku nyingine. Bila rangi kilomita zako hazijui zigawanywe na nini.

---

Vumbi_la_Dodoma

Jamani! Nimepiga uani, ukuta wa jirani una taa kama uwanja wa mpira. Jumanne 4.24. Alhamisi 3.53. Delta 3.37 na 3.35.

Na ule mstari wa rangi umekaa vizuri, ila Gamma inakaa pembeni kidogo. Eta ya Jumanne inasoma 0.95, ya Alhamisi 0.66.

Swali la mwisho: kasi nizitoe wapi kama sina spektrografu? Na hizi namba zangu kuna mtu anazitaka?

---

Mistari_ya_Fraunhofer

Kasi za Eta zilizochapishwa ziko wazi kwenye VizieR, hifadhi ya majedwali ya kituo cha data cha Strasbourg, Ufaransa. Chukua zenye tarehe za Julian (hesabu ya wanaanga ya siku mfululizo), zikunje kwa kipindi cha 7.1766, yaani kila kipimo kikae mahali pake ndani ya mzunguko mmoja, uziweke chini ya mchoro wako wa mwangaza. Kipindi hubadilika kidogo mno kwa miaka, kwa hiyo kama majedwali ni ya zamani huenda ukalazimika kuyasogeza pembeni kidogo. Utaona michoro miwili kama mtu na kivuli chake kwenye maji: nyota ikiwa angavu kabisa, uso wake unatujia kwa kasi kubwa kabisa.

---

FundiPicha_Tanga

Gamma nahisi imejaa kwenye kijani. Punguza sekunde ziwe 2, au ziba lenzi stopu moja, uirudie.

Namba zinatakiwa. AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, kinapokea kutoka kwa mtu yeyote, bure. Utaomba herufi zako za utambulisho, kisha kwenye fomu ya kutuma utaandika nyota ya kulinganishia na ya kukagulia. Kwenye sehemu ya kichujio usiandike V, maana hukutumia V na hujabadilisha namba zako kwenda V. Kijani cha kamera kina alama yake, TG. Na muda uwe wa katikati ya picha zako, siyo wa ile ya kwanza.